Uzito Kabla ya Ujauzito: Mazungumzo na Akina Mama wa Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mama zetu, dada zetu, makungwi mliokuja na mabinti zenu, na nyinyi akina baba mliosimama kule nyuma mkidhani hayawahusu: asalaam alaikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Leo tunazungumzia uzito wa mwanamke kabla hajashika mimba. Tumelikazia hilo neno "kabla" makusudi. Mimba ikishaingia, mjamzito hapunguzwi uzito. Anachungwa tu asiongezeke kupita kiasi. Kuna na jambo la pili. Mfereji wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unajifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Hesabuni wenyewe: siku hizo mama amechelewa hedhi wiki mbili tu, na wengine hata hawajashtuka. Anayefika kliniki mimba ikiwa na miezi minne anakuta kazi hiyo imeisha zamani, kwa heri au kwa shari. Kwa hiyo kazi yenyewe iko katika ile miezi mitatu hadi sita ambayo mtu anasema tu "tunafikiria kuzaa".

Na tatizo si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini, na Ngamiani ni mjini.

Hatukuja kumsema mtu mwili wake. Tunajua pwani hii unene una maana zake. Mke akinawiri, mume anasifiwa kuwa anatunza. Akikonda, majirani wanaanza kunong'ona kuhusu virusi, au kwamba ndoa imeingia mdudu. Mtu anayekulia katika maneno hayo hawezi kuambiwa "punguza uzito" kwa ukali akasikia. Basi tuende kwa hesabu.

Uzito unapimwa hivi. Pima urefu ukiwa umevua viatu na kilemba, visigino vikigusa ukuta, mtu akuwekee daftari gumu kichwani likiwa sawasawa, atie alama ukutani. Pima uzito asubuhi, umeshakwenda msalani, umevaa kanga moja tu. Mizani ikae juu ya saruji au vigae. Ukiiweka juu ya mkeka au zulia inakudanganya. Kisha gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Tuchukue dada wa kilo 78 mwenye urefu wa mita 1.58. Urefu mara urefu ni 2.5 hivi. Kilo 78 ukigawanya unapata 31. Kati ya 18.5 na 24.9 ndio uzito wa kawaida. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Dada yetu ameshaingia huko.

Mkanda wa fundi cherehani nao unasema jambo ambalo mizani hailisemi. Uzungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, toa pumzi taratibu, usivute tumbo ndani. Mwanamke akizidi sentimita 80 hatari imeanza. Akizidi 88 imekuwa kubwa. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye matata zaidi kuliko ya mapajani na makalioni. Kwa hiyo tusichanganye mwanamke mwenye nyonga pana na mwanamke mwenye tumbo kubwa.

Sasa, kwani kuna ubaya gani? Tuanze na sukari, maana ndiyo isiyoeleweka.

Mafuta mengi mwilini yanafanya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, isisikilizwe. Kongosho inatoa, mwili hauitikii. Mimba nayo, kuanzia katikati yake, inaleta homoni za kondo la nyuma zinazozidisha ukaidi uleule. Aliyeanza na mwili mwepesi anamudu. Aliyeanza akiwa tayari amelemewa anapata kisukari cha mimba. Sukari ya mama inavuka kondo kwenda kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, nyingi, na insulini hiyo inamnenepesha mabega na tumbo. Ndipo anazaliwa na kilo 4 na zaidi, watu wanapiga vigelegele, kumbe kichwa kilitoka na mabega yakakwama, mkunga akahangaika kumtoa, na mkono wa mtoto pengine umeumia neva. Akishakatwa kitovu, sukari ya mama inakatika ghafla huku insulini ya mtoto bado iko juu, naye mtoto anaishiwa sukari katika saa za kwanza. Ndiyo maana mtoto wa mama huyu lazima anyonye ndani ya saa moja, na apimwe sukari kisiginoni hata kama anaonekana bonge mwenye afya.

Presha ya mimba na kifafa cha mimba vinaongezeka kadiri uzito wa kuanzia unavyopanda. Mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni, mgongo wazi, hayo nayo yanaongezeka. Upasuaji unakuwa wa mara kwa mara zaidi, na mgumu zaidi: wa ganzi anatafuta kwa shida nafasi ya kupitisha sindano mgongoni, kidonda kinachelewa kufunga na kinachimbika kwa urahisi, damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu. Hata altrasaundi haioni vizuri kupitia mafuta ya tumbo. Hatusemi kila mama mnene atapatwa na haya. Wengi wanajifungua salama. Tunasema mizani imeinama upande mmoja, na inaweza kusogezwa.

Kabla ya hayo yote kuna kupata mimba yenyewe. Hapa tuongee wazi, maana Tanga tunasifika kwa waganga. Dada ana kilo nyingi, hedhi inapotea miezi miwili au mitatu kisha inakuja kwa kishindo, kidevuni ameanza kuota ndevu, chunusi haziishi. Anaambiwa ana jini mahaba linalomwonea wivu. Kabla hujatoa kuku wa kwanza, andika tarehe za hedhi kwenye kalenda miezi minne, uende nazo hospitali. Mara nyingi ni mayai hayapevuki, kwa sababu insulini nyingi inavuruga homoni za ovari. Jambo la kufurahisha ni kwamba akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, wengi wao hedhi inarudi na yai linapevuka. Lakini angalieni mtego ulipo: mwanamke aliyejizoesha kwamba hashiki mimba, akipungua kilo nne tano anaweza kushika kabla hajajiandaa. Aendelee na uzazi wa mpango mpaka siku aliyopanga.

Asilimia 5 ya dada yetu wa kilo 78 ni kilo 4 kasoro kidogo. Akifika kilo 74 hesabu yake inashuka chini ya 30. Ili aingie kwenye uzito wa kawaida ingebidi afike kilo 62, na huko si lazima afike ndipo azae. Hizo kilo 4 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kwa nusu kilo kwa wiki, ni miezi miwili. Anayeshusha kilo 5 kwa wiki amepoteza maji na misuli, na yatarudi.

Nusu kilo kwa wiki inataka kupunguza kama kalori 500 kwa siku. Tuzitafute jikoni kwetu.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Iache: kalori 150. Chai vikombe vitatu, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 9 tena. Punguza mpaka 4, umeokoa 80. Usipunguze kwa siku moja, ulimi utagoma. Toa nusu kijiko kila wiki, utie mdalasini, tangawizi au hiliki, nakuhakikishia mwezi wa pili chai ya zamani utaiona sharubati. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Upawa mmoja wa wali ni 200 hivi. Jumlisha: 550. Hapo hakuna mlo uliorukwa, wala hakuna aliyelala njaa.

Mafuta yanahitaji kusemwa zaidi, kwa sababu hakuna anayeyapima. Mama anamimina kutoka kwenye dumu mpaka sufuria "isikie". Fanya hivi: andika tarehe kwenye dumu la lita 5 siku unapolifungua. Nyumba ya watu watano, likimalizika kwa siku 30, kila mtu amekula mililita 33 kwa siku, vijiko viwili vya chakula na ushee. Hapo ni pa kuvumilika. Likimalizika kwa wiki mbili, kila mtu amekula maradufu, mtoto mdogo akiwemo, na hapo hatujahesabu vitumbua na bajia za nje. Dawa yake ni kijiko: mchuzi wa watu watano vijiko vitatu vya chakula vinatosha, vitunguu vikianza kushika weka maji kidogo, funika.

Na nazi. Hatuwezi kusimama Tanga tukasema acheni nazi, mtatufukuza, na mtakuwa na haki. Ila nazi moja ya wastani ina mafuta zaidi ya gramu 100, na sehemu kubwa inatoka kwenye tui la kwanza. Mlo wetu wa Ijumaa ni wali wa nazi, maharage ya nazi, na samaki wa nazi, mara tatu kwenye sinia moja. Sheria tunayopendekeza ni nazi chungu kimoja tu. Ukipika wali wa nazi, samaki awe chukuchuku au wa kuchoma, na mchicha uungwe kwa nyanya. Ukitaka samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Ladha ya nazi inasikika vizuri zaidi ikiwa peke yake. Huo ni uamuzi wetu, atakayebisha abishe.

Hilo sinia nalo. Kula pamoja ni jambo jema, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mtu anamega mpaka upande wake uishe, na mwenyeji anamsogezea. Katika miezi hii ya maandalizi, pakua chakula chako kwenye sahani hata kama unakaa mkekani na wenzako. Nusu ya sahani mboga za majani, bamia au kachumbari. Robo samaki, dagaa, maharage au kunde. Robo iliyobaki wali, ugali au ndizi. Mboga hatuna kisingizio: kabichi na karoti zinashuka kila siku kutoka Lushoto, machungwa yanatoka Muheza. Chungwa lile liliwe na nyama zake. Ukikamua machungwa manne kwenye glasi umekunywa sukari ya manne na nyuzinyuzi umetupa.

Ramadhani wengi wanaongezeka uzito badala ya kupungua, kwa sababu ya kaimati, tambi za sukari na mihogo ya nazi kwenye futari moja. Chagua kimoja cha nazi, kimoja cha tamu, na usifungue kwa juisi ya paketi.

Mazoezi tusiyarefushe: dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Mji wetu ni tambarare, na Tanga tumezoea baiskeli kuliko miji mingi. Bodaboda na bajaji ndizo zimetukalisha. Anayekwenda soko la Mgandini kwa miguu kwa haraka na kurudi na kikapu, siku tano kwa wiki, amefanya mazoezi.

Sasa makungwi, hili ni lenu. Bibi harusi anawekwa ndani, anasingwa kwa liwa na singo, na hilo halina ubaya. Ubaya ni pale anapolishwa kwa wiki kadhaa bila kutoka ili "ajaze gauni", na mbaya zaidi ni vidonge vya kunenepesha. Vinauzwa kwenye vifuko vidogo bila jina. Mara nyingi ndani yake huwa na deksamethasoni, au siproheptadini, au zote mbili. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na ulaji. Deksamethasoni ni steroidi: inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, inaharibu mifupa. Na ukiizoesha mwili halafu ukaiacha ghafla, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimeshalala, mtu anaweza kuanguka akazimia. Kwa hiyo binti ambaye ameshavitumia kwa wiki kadhaa asiviache kwa kuvitupa. Aende navyo hospitali, mkononi, daktari ampunguzie taratibu. Bibi harusi huyo mara nyingi anashika mimba mwezi uleule wa fungate. Fikirini anaianza mimba na nini mwilini.

Upande wa pili kuna chai za kupunguza tumbo. Nyingi ni sanamaki. Inaharisha, unapungua kilo mbili za maji, ukinywa maji zinarudi, mafuta hayajaguswa. Na sindano mpya za kupunguza uzito ambazo watu wanaziagiza mitandaoni, kama semaglutaidi, zinatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

Mkishaamua kuzaa, fanyeni safari moja ya zahanati au kituo cha afya kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Hatuna kliniki maalumu ya wasio na mimba bado, kwa hiyo tumieni dirisha la uzazi wa mpango, msione haya. Ombeni presha. Mwenye mkono mnene, unaozidi sentimita 33 kwa kuuzungusha, apimwe kwa mkanda mkubwa. Ule wa kawaida ukibana unatoa presha ya uongo iliyo juu. Kama mkanda mkubwa haupo, ulizeni uko wapi, ni swali halali. Ombeni sukari kabla ya kula: 7.0 (mmol/L) na zaidi, ikirudiwa siku nyingine, ni kisukari, nacho kinatakiwa kidhibitiwe kwanza. Ombeni wingi wa damu, maana unene hauzuii upungufu wa damu, tunakuta vyote kwa mtu mmoja.

Anayemeza dawa za presha aseme jina. Kaptopri, enalapri na losartani zinadhuru figo za mtoto aliye tumboni. Zinabadilishwa kwa methildopa au nifedipini. Zibadilishwe na daktari, asiziache mwenyewe, maana presha isiyo na dawa nayo inaua.

Foliki asidi, vitamini inayosaidia ule mfereji wa neva wa mtoto kujifunga, ianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, ikiwezekana mitatu, mpaka wiki ya 12. Dozi ya kila mwanamke ni miligramu 0.4 kwa siku. Kwa mwenye hesabu ya uzito na urefu ya 30 na zaidi, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa 2018 ulishauri miligramu 5, vidonge vilevile wanavyopewa wenye selimundu. Muulize mtoa huduma akuandikie ipi.

Aliye kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ajue kwamba kwa baadhi inaongeza uzito, na baada ya kuiacha rutuba inaweza kuchelewa. Kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Asione ni mkosi. Huo ndio muda wa kufanya kazi tuliyoisema.

Na aliyezaa juzi? Arobaini yetu, pamoja na uji wa pilipili manga, supu na kutotoka nje, mara nyingi inamwongezea kilo badala ya kumrudisha alikotoka, halafu mimba ya pili inaanzia juu ya hapo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2006, wa wanawake zaidi ya 150,000, ulikuta kuwa walioongezeka uzito sana kati ya mimba ya kwanza na ya pili walipata zaidi presha ya mimba, kisukari cha mimba na watoto kufia tumboni, hata wale ambao hesabu yao ilikuwa bado ya kawaida. Nafasi ya miezi 24 kabla ya kutafuta mwingine inatosha kurudi chini taratibu, na kunyonyesha kunasaidia.

Akina baba, mnene wa kiume mbegu zake nazo zinapungua ubora. Na sukari, mafuta na soda za nyumba mara nyingi ndio mnanunua nyinyi.

Kwa atakayeshika mimba kabla hajapungua, asihangaike na wala asifunge kula. Mwenye uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua, mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, mwenye kiribatumbo kilo 5 hadi 9. Ile habari ya kula kwa ajili ya watu wawili iachwe. Miezi mitatu ya mwanzo mjamzito hahitaji nyongeza karibu yoyote. Afike kliniki mapema, kabla ya wiki 12, aseme uzito wake wa mwanzo uandikwe kwenye kadi, na aulize kuhusu kidonge kidogo cha aspirini cha kuzuia kifafa cha mimba, kwa sababu faida yake inategemea kuanza mapema na si kila mtu anakihitaji. Apange kujifungulia penye upasuaji. Akiambiwa aende hospitali ya Bombo, asisubiri uchungu ndipo aanze kutafuta gari.

Mizani ipo pale chini ya mwembe, juu ya kile kipande cha saruji, na mkanda wa kiuno unao dada aliyekaa pembeni yake. Anayetaka kupimwa faragha kuna chumba cha ofisi ya mtaa. Wenye dawa za presha au vile vifuko visivyo na jina mje navyo huku mezani kwanza, kabla ya foleni ya mizani.